Mlima wa Kanyakine Bila Mkono wa Mtu

Namshukuru Mungu aliyenipa miguu miwili, akanipa na barabara ya kuichosha. Yeye ndiye aliyenishika kwenye miteremko ambako wenzangu wengi waliacha ngozi zao, na ndiye aliyenifikisha siku hii ninapoandika nikiwa nimekaa kwenye kiti kisicho na pedeli. Jina lake litukuzwe kabla sijataja langu.

Langu ni Mutuma. Vijana wa klabu mmeniomba niandike mambo niliyoyaona tangu nilipoanza mbio za baiskeli hadi nilipotundika yangu ukutani mwaka jana. Habari za nani alishinda nini mtaziuliza kwingine. Vikombe viko kwenye kabati ya klabu, na vingine vimeshaliwa na kutu. Mimi nitaandika kazi yenyewe, kwa sababu kazi ndiyo mtakayoamka nayo.

Nilizaliwa Kanyakine, na kabla sijajua kwamba kuna watu wanaoendesha baiskeli bila mzigo, nilikuwa nikibeba ndizi hadi soko la Gakoromone. Baiskeli ilikuwa ile nyeusi nzito ambayo baba zetu walinunua mara moja wakaitumia maisha yote. Mikungu mitatu nyuma, mmoja mbele, na breki ya nyuma ikishindwa unakanyaga tairi kwa soli ya kiatu. Nilimaliza viatu vingi vya mguu wa kulia. Vya kushoto vilibaki vizima, na mama yangu hakujua afanye nini navyo.

Kwetu kuna jambo ambalo hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Ukimkuta mtu anasukuma baiskeli yenye mzigo mlimani, unaweka mkono kwenye mzigo na kusukuma naye. Humuulizi jina wala anakwenda wapi. Mkifika juu anakushukuru, nawe unarudi chini kuendelea na safari yako, hata kama ulikuwa unaelekea upande mwingine. Anayempita mtu mlimani mikono ikiwa mfukoni, watu humkumbuka. Liwekeni hilo akilini, maana ndilo lililokaribia kuniharibia kazi.

Siku yangu ya kwanza klabuni Embu nilifika na baiskeli hiyo hiyo. Sikuwa na nyingine. Aliyetufundisha alikuwa Mwalimu Njeru, ambaye kweli alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alituongelesha sote kana kwamba hatujamaliza darasa la tano. Aliizunguka baiskeli yangu polepole, akaigusa keria.

"Umeleta ndizi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi hii ni ya kubeba nini?"

"Ni ya kukubeba wewe, Mwalimu, ukichoka," akasema jamaa mmoja mrefu aliyekuwa akifunga viatu. Huyo alikuwa Nyaga, mtu wa Mbeere, kutoka kule chini kwenye joto la Kiritiri. Ndiye aliyekuwa nahodha wa timu, na kwa miaka mingi iliyofuata mgongo wangu ndio alioutazama kuliko uso wa mtu mwingine yeyote.

Nilifungua keria kwa spana ya kuazimwa, nikapewa baiskeli ya klabu, nyepesi hata niliogopa kuikalia. Siku hiyo tulipanda kuelekea Manyatta, na mlimani niliwaacha wote. Nilijiona. Kesho yake Mwalimu akatupeleka Mbeere. Mimi ni mtu wa baridi, na mtu wa baridi hajui kwamba kiu huanza kabla hujaisikia. Sikugusa chupa yangu. Nikaona barabara inakuwa nyeupe, halafu nikaona mbuzi, halafu nikajikuta nimelala chini ya mgunga, Nyaga akinimwagia maji kichwani.

"Nyinyi watu wa migomba," akasema, "mnafikiri maji ni ya kuoshea kahawa."

Tangu siku hiyo nilikunywa kabla ya kiu na kula kabla ya njaa. Siku hizi mna saa zinazohesabu mapigo ya moyo. Ni vizuri. Lakini bado nawaona mkifika Siakago na chupa imejaa, kwa hiyo saa haijasema kila kitu.

Mwalimu alinipa kazi ya usaidizi, na nilikaa nayo sehemu kubwa ya maisha yangu. Msaidizi ndiye anayekwenda kwenye gari la timu kuchukua chupa za maji, akazijaza ndani ya jezi mgongoni hadi anafanana na ngamia, kisha akapambana kurudi mbele kuwagawia wenzake. Ndiye anayekaa kwenye upepo ili nahodha ajifiche nyuma ya gurudumu lake. Nahodha akipata pancha na gari liko mbali, msaidizi anatoa gurudumu lake mwenyewe, anabaki kando ya barabara akiwa ameshika baiskeli yenye mguu mmoja. Nimesimama hivyo karibu na mashamba ya majani chai, Runyenjes, na hata mbele ya kituo cha polisi, ambako askari aliniuliza kama nimeibiwa.

Mke wangu aliwahi kuniuliza ni kazi gani hii ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayekuona. Nilimwambia ni kama ile ya kufagia kanisa siku ya Jumamosi.

Niwaambie kidogo kuhusu vifaa, kwa sababu mnavitupa haraka. Bonyeza tairi kwa kidole gumba kila asubuhi, hata kama una pampu yenye kipimo. Ukipita palipo na changarawe, weka glavu juu ya tairi linalozunguka, ulipanguse, maana jiwe dogo haliingii mara moja, linaingia polepole kama uvivu. Kabla ya mteremko mrefu wa asubuhi, weka gazeti kifuani ndani ya jezi. Linazuia upepo kuliko koti, na ukifika chini unaweza kulisoma. Kwenye kona, tazama pale unapotaka kwenda. Anayetazama shimo huingia shimoni. Mteremko wa Nithi sikuwahi kuushuka bila kumtaja Mungu, na sikuwahi kumtaja huku nimefumba macho.

Sasa nifike kwenye mbio za kutoka Embu hadi Meru.

Barabara hiyo mnaijua. Inashuka mtoni, inapanda, inashuka mto mwingine, inapanda tena, kana kwamba aliyeichora alikuwa na deni na kila bonde. Mwalimu Njeru aliniambia kwamba kwenye barabara ya nyumbani kwetu nitakimbia kwa ajili yangu mwenyewe, na timu itanisaidia mimi. Nililala vibaya kwa furaha. Siku hiyo nilifika kwenye mlima wa Kanyakine nikiwa mbele na watu wachache, na watu wa kwetu walikuwa wamejipanga pande zote mbili.

Jirani yetu mmoja anaitwa Mama Nkirote. Ni mama wa kanisa letu, kiongozi wa akina mama, na mikono yake imelima mashamba mengi kuliko jembe lolote. Aliponiona nimesimama kwenye pedeli, nikihema, uso umekunjamana, alifanya ambalo kila mtu wa kwetu angefanya. Alishika siti yangu kwa mikono miwili, akakimbia nayo, gambuti zikipiga lami. Wakwe zake wawili wakaja nyuma yake. Nilipanda mlima ule kama mkungu wa ndizi.

Refa alikuwa nyuma kwa pikipiki. Akaja ubavuni mwangu.

"Umesukumwa."

"Sikuomba."

"Sijasema uliomba. Nimesema umesukumwa. Toka barabarani."

Nilitoka. Nilikaa kwenye ukingo wa mfereji, na Mama Nkirote akanikuta hapo akiwa bado anahema. Alikuwa anatabasamu, akidhani napumzika. "Tumekusaidia, sivyo?" Nikamwambia ndiyo, Mama, asante. Ningemwambia nini? Jumapili alisimama kanisani akamshukuru Mungu aliyempa nguvu za kumsukuma mtoto wa jirani.

Mwaka uliofuata mbio hizo zilikuwa na uzito mwingine. Walituambia wawili wa kwanza watachaguliwa timu ya taifa, waende kushindana nje. Nyaga alikuwa ameshakwenda. Mimi sikuwahi, na umri wangu ulikuwa umefika mahali ambapo wachaguzi wanakusalimia kwa heshima na kumchukua aliye nyuma yako. Nilijua ni mwaka huo au basi. Na kila mlima wa barabara ile niliuweza, isipokuwa mmoja uliokuwa na watu wanaonipenda.

Kwa hiyo Jumapili kabla ya mbio nilimwomba mchungaji nafasi wakati wa matangazo. Nilisimama mbele, nikawasalimu kwa jina la Bwana, nikasema, "Mkinipenda, Jumamosi msiniguse."

Kanisa likanitazama kana kwamba nimetangaza kuacha wokovu.

Mama Nkirote akasimama. "Mutuma, wewe ni mtoto wetu?"

"Ni wenu, Mama."

"Na mlima ni wetu?"

"Ni wenu."

"Basi huyo refa ametoka wapi?"

Watu wakacheka. Nikawaeleza sheria, kwamba mkono wa mtu ukinigusa nimetolewa, na ule wa mwaka jana ndio ulionitoa. Hapo kicheko kikaisha. Nikaona Mama Nkirote akifikiri, na nikaona wakati maana yake ilipomfikia, kwa sababu alishika mgongo wa benchi.

"Ni mimi nilikutoa?"

"Hukujua, Mama."

"Kwa nini hukuniambia? Mwaka mzima nimekuwa nikishukuru hapa mbele ya watu."

Akaendelea, sauti ikiwa chini. "Na sasa unataka tukuangalie tu ukiteseka. Kama watu wasiolelewa."

"Mniangalie. Mniombee mkiwa mbali kidogo."

"Mbali kiasi gani?" akauliza mzee mmoja wa nyuma.

"Mkono usifike."

Mchungaji akasema tutaomba kando ya barabara, Bwana hasumbuliwi na umbali. Wengi waliitikia Amina. Mama Nkirote alikaa akiitazama mikono yake, na nilitoka pale nisijue kama nimeeleweka au nimemwaibisha tu.

Jumamosi hiyo tulianza Embu kukiwa na manyunyu. Runyenjes barabara ilikuwa bado imelowa, na kwenye mteremko wa Thuci wawili walianguka mbele yangu, nikapita katikati yao kwa neema. Nyaga alinivuta kwenye upepo kutoka Chuka, yeye nahodha akifanya kazi yangu ya kila siku, na hakulalamika ila alisema mgongo wake haujazoea kutazamwa. Baada ya Igoji tulikuwa tumebaki watatu mbele: Nyaga, mimi, na kijana mmoja wa timu ya Nairobi aliyeendesha kama aliyetumwa dawa. Kundi lilikuwa nyuma, na gari letu la timu lilikuwa nyuma ya kundi.

Tukashuka mtoni. Mlima wa Kanyakine ukaanza, nikabadilisha gia, nikasimama, na cheni ikakatika.

Haikutoka mahali pake. Ilikatika, ikaanguka barabarani kama nyoka aliyeuawa. Nyaga na yule kijana wakaenda. Mimi nikashuka, nikaiacha cheni palepale, nikashika usukani na kuanza kukimbia huku nikiisukuma baiskeli. Sheria inaruhusu. Ilimradi ni miguu yako na mikono yako.

Nilipokata kona nikawaona. Kanisa zima, na wengine wasiokanyaga kanisani. Na mimi nilikuwa napanda nikisukuma baiskeli kwa mkono, katika mlima uleule ambao hakuna mtu wa kwetu amewahi kuachwa aupande hivyo peke yake. Ingekuwa afadhali wangenikuta nimeikalia baiskeli. Nyuma yangu nilisikia pikipiki ya refa ikishusha gia ili aende nami pole pole.

Wanaume walikuwa wameingiza mikono ndani ya makoti hadi kwenye kiwiko. Akina mama walikuwa wameikunja mikono ndani ya leso. Mama Nkirote alikuwa mbele kabisa, mikono nyuma, na nilipokaribia niliona kwa nini ilikaa nyuma. Alikuwa ameifunga kwa leso, na mama mwingine alikuwa ameshika fundo kama anayeshika ng'ombe wa maziwa siku ya mnada.

Viatu vya mbio vina chuma chini, vinateleza kwenye lami iliyolowa. Nilianguka goti moja. Nikasikia watu wote wakivuta pumzi, na mzee mmoja akasonga hatua, mkono ukitoka kwenye koti.

"Rudisha!" Mama Nkirote akamkemea. Mkono ukarudi.

Nikainuka. Akaanza kutembea sambamba nami, mwanamke yule mwingine akimfuata na fundo lake, kisha wote wakaanza kupanda, pande zote mbili za barabara, bila mtu kunigusa. Hawakuimba wala kupiga kelele. Nilisikia gambuti, na pumzi zao, na mtu mmoja akiomba kwa Kimeru chini chini.

"Mama, rudi kando," refa akasema.

"Niko kando. Kwani barabara yako inaanzia wapi?"

"Nimesema rudi."

"Tazama mikono yangu, kijana. Tazama vizuri, halafu uniambie nimefanya nini."

Refa alitazama. Akarudi nyuma yetu na pikipiki yake hadi juu.

Mimi nilikuwa sioni mbele vizuri. Nilimsikia tu Mama Nkirote akiniambia, kila mara nilipopunguza mwendo, "Sukuma, mwanangu. Mkono haupo. Sukuma." Na alikuwa analia, na hakuwa na mkono wa kufuta machozi.

Kileleni nilimkuta Nyaga amesimama, mguu mmoja chini. Yule kijana wa Nairobi alikuwa ameshatokomea. Nyaga akashuka na kunielekezea usukani wake.

"Shika."

"Na wewe? Nafasi ni mbili."

"Mimi nilishaona theluji. Haina kitu. Nenda na wewe uione."

Mtu wa timu yako anaweza kukupa baiskeli, hilo sheria halilikatazi. Nilipanda, nikasema siti iko juu sana, yeye ni mrefu. Akanijibu, "Basi simama," na hayo ndiyo mafunzo mafupi zaidi niliyowahi kupewa. Alinyoosha mkono kunisukuma nianze, mwenzangu wa miaka yote, akakumbuka, akauficha mgongoni.

Nilisimama hadi Nkubu. Nilisimama kutoka Nkubu hadi Meru, mapaja yakiwaka, na kila nilipojaribu kukaa vidole vya miguu havikuzifikia pedeli. Nyuma yangu kundi lilikuwa linakuja, nikiligeukia kwenye kona naliona limenenepa. Sikumwomba Mungu anipe ushindi. Nilimwomba watu wale wasiwe wamefunga mikono bure. Kijana wa Nairobi alishinda, na alistahili. Mimi nilivuka wa pili, na gurudumu la mtu wa tatu lilikuwa karibu na goti langu.

Nyaga alikuja katikati ya wengine baada ya gari kumfikishia baiskeli ya akiba. Mwalimu Njeru alimtazama, akanitazama, akasema tumekosea mpango wote aliotupa, kisha akaondoka haraka kwenda kutazama tairi ambalo halikuwa na shida.

Nilikwenda huko nje. Niliiona theluji, na Nyaga alikuwa amesema kweli. Katika mbio zenyewe nilimaliza nyuma nyuma, lakini nilimaliza, na wengi walioanza nami walipanda gari. Kulikuwa na mlima mrefu sana, na watu maelfu kando yake wakipiga kengele.

Niliporudi nilipita kwa Mama Nkirote kabla ya kufika kwangu. Alinipa uji, akakaa mbele yangu, akataka habari.

"Mlima ulikuwepo?"

"Ulikuwepo, Mama. Mrefu kuliko wetu."

"Walikusukuma?"

"Hapana. Nako kuna marefa."

"Kwa hiyo walijifunga."

"Hawakujifunga. Walisimama tu."

Aliweka kibuyu chini. Akawafikiria watu hao, maelfu, mikono yao ikiwa wazi, na mtoto wa mtu akipita anahema.

"Walikuwa hawakujui," akasema kwa huruma, na sikujua kama huruma ile ilikuwa yangu au yao. Akaniongezea uji.

Wewe unayesoma haya, uwe wa klabu yetu au umeokota karatasi tu, Mungu akupe pumzi ya kutosha na breki zinazoshika. Akujalie watu wa kwenu wakujue kwa jina, na jioni akufikishe mlangoni ukiwa mzima, baiskeli mkononi na shukrani mdomoni. Amina.